Hasara Iliyopitishwa Bungeni

Nchi yetu haina shida ya fedha. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadanganywa na mambo yatakayofuata, maana yako mambo ambayo mtu mwenye nia mbaya akiyasikia anaweza kudhani tulikuwa na shida. Hatukuwa nayo. Tulikuwa na Wizara ya Utajiri na Utulivu wa Bei, jengo la ghorofa kumi na moja, na lifti yake ilifanya kazi siku zote za sherehe.

Fedha yetu inaitwa mkuki, kwa sababu noti ya kwanza ilichorwa mkuki mmoja. Noti ya pili ilichorwa mikuki kumi, ya tatu mikuki mia, na siku hizi mchoraji wa noti ameomba kustaafu kwa sababu ya macho. Mkuki ni fedha imara, haushuki. Sheria ya Lugha ya Sarafu, kifungu cha pili, inamkataza mtu yeyote kusema mkuki umeshuka. Unaruhusiwa kusema mkuki umeketi, au mkuki umepumzika, au, hali ikiwa mbaya sana, mkuki umekwenda kusalimia wazazi. Mwaka huu ninaousimulia mkuki ulikuwa kwa wazazi tangu mwezi wa pili.

Mimi naitwa Mwinchande. Kazi yangu ilikuwa kuandika bei ubaoni katika Soko la Fedha na Mazao. Soko lenyewe zamani lilikuwa ukumbi wa sinema, ndiyo maana wafanyabiashara wote thelathini na mmoja walikaa wakitazama mbele, na mimi ndiye niliyekuwa picha. Kwa miaka kumi na moja niliandika nikafuta, nikafuta nikaandika, wala sikuwa na maoni. Katika utumishi wetu maoni huanzia ngazi ya nne ya mshahara, na mimi nilikuwa ya pili.

Maoni yalikuwa kwenye benchi la mbele, na yalikuwa mengi.

Kulikuwa na Bwana Ngwale, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye alifanya biashara kwa rula. Alichora bei za kila siku kwenye daftari la miraba, akaunganisha nukta, kisha akaitazama ile michoro kwa huruma, kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

"Bei ina kumbukumbu," alipenda kusema. "Ikipita njia leo, kesho itapita hapohapo. Tazameni mchoro umefanya umbo la mtu: bega, kichwa, bega. Huyu ataanguka."

"Nani ataanguka?" akauliza jirani yake.

"Mkuki."

"Utafungwa, Ngwale."

"Atapumzika! Nimesema atapumzika."

Jirani huyo alikuwa Kachenje, kijana mnene wa miaka arobaini ambaye hakuachana na redio yake ndogo hata msalani. Mbinu yake ilikuwa moja tu, kumsikiliza Waziri. "Waziri akisema hakuna sababu ya wasiwasi, nauza vyote nikiwa bado nimesimama," alieleza. "Akisema hali ni ngumu lakini tumeidhibiti, nauza na viatu."

"Na akinyamaza?"

"Nanunua. Akinyamaza maana yake hajakijua hicho kitu, na asichokijua hawezi kukiharibu."

Wa tatu alikuwa Bi Zamoyoni, mama wa miaka sitini na ushee, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Yeye hakuwa na daftari wala redio. Kila asubuhi alipita maghalani, akaingiza mkono kwenye gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa punje moja, akaitafuna. "Mistari hailiwi," alimwambia Ngwale. "Na Waziri naye haliwi, ingawa angetutosha wengi. Mimi nauliza maswali mawili tu: zipo ngapi, na nani ana njaa?"

Basi walikuwa wakibishana hivyo kuanzia saa mbili asubuhi hadi muuza kahawa anaposuuza vikombe. Ngwale alipotaka kuuza, Bi Zamoyoni alitaka kununua. Bi Zamoyoni alipouza, Kachenje alikuwa amesikia kitu redioni, ananunua. Nami nikaandika bei. Kwa ujinga wangu nilidhani wale watu wanagombana. Sikujua kwamba ugomvi wao ndio uliokuwa soko.

Mwaka huo Bi Zamoyoni alikuwa na jambo lililomnyima raha. Alikuwa amebeba dhamana ya magunia mia nne ya mbaazi ambayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya wanawake sitini na watatu wa kijiji cha Mkolechuo, kwao alikozaliwa, ambao walilima pamoja, wakavuna pamoja, wakamwambia: dada, wewe ndiye unayelijua soko, tuuzie, utuletee mbegu na fedha ya kulimisha kabla ya mvua. Mvua ilibakiza wiki sita. Mvua ikishaanguka, mbegu ambayo haijaingia ardhini ni chakula cha kuku.

Na bei ilikuwa mbaya. Ile nchi ya mbali inayokula mbaazi zetu ilikuwa imefunga mlango tangu mwaka uliopita, na gunia lililokuwa likiuzwa mikuki laki moja na themanini sasa lilikuwa elfu sitini. Kwa elfu sitini wanawake wa Mkolechuo wangepata mbegu bila trekta, au trekta bila mbegu.

"Watafungua," Bi Zamoyoni alisema kila siku. "Nimeuliza mabaharia, nimeuliza madereva. Kule kwao mafuriko yameingia mashambani. Watu wale hawawezi kuishi bila mbaazi. Ni kungoja tu."

"Mchoro unakataa," alisema Ngwale.

"Mchoro wako haujawahi kulala na njaa," alisema Bi Zamoyoni.

Hapo ndipo Waziri alipokuja.

*

Mheshimiwa Profesa Ngulumbi, Waziri wa Utajiri na Utulivu wa Bei, alikuwa akipita tu kwenda kuzindua mzani. Akasikia kelele. Akashuka kwenye gari la tatu, kwa sababu la kwanza na la pili yalikuwa ya kumtangulia, akaingia ukumbini na wasaidizi kumi na wanne. Wote tukasimama. Mimi nilisimama zaidi, kwa kuwa nilikuwa juu ya kijukwaa.

"Nimepita hapa nje nikasikia kelele," alianza Waziri. "Nikauliza, kuna msiba? Nikaambiwa hapana, Mheshimiwa, ni biashara. Nikauliza, wanabishana nini? Nikaambiwa, kila mmoja ana mbinu yake ya kufanya biashara ya fedha na mazao. Kila mmoja! Ndugu zangu, mimi nimesoma uchumi katika mabara matatu, na katika mabara yote hayo moja na moja ni mbili. Sasa ikiwa mbinu ya huyu mzee mwenye rula ni sahihi, basi mbinu ya huyu mama ni uongo. Na ikiwa ya mama ni sahihi, basi huyu mzee analidanganya taifa kwa miraba. Nchi yenye ukweli thelathini na moja haina hata mmoja!"

Tukapiga makofi. Ilikuwa hotuba nzito, na mimi nakiri niliona mantiki yake. Waziri akaendelea kwa dakika hamsini, akasema hakuna sababu ya wasiwasi. Kachenje akanikonyeza niandike kwamba anauza.

Ikaundwa Tume ya Kuoanisha Mbinu. Tume ikatembelea nchi tisa, mojawapo ikiwa haina soko la fedha wala la mazao, ila ina fukwe nzuri. Juu ya nchi hiyo Tume iliandika kwamba kutokuwepo kwa soko kumepangwa kwa umakini mkubwa. Baada ya siku kumi na tisa, maana Tume ilifanya kazi kwa haraka kuliko zote katika historia yetu, ikatoka ripoti ya kurasa mia nne na kumi na mbili. Sitini za kwanza zilikuwa picha za wajumbe.

Nitaieleza ripoti kwa kifupi. Kuanzia Jumatatu iliyofuata kungekuwa na Mbinu Moja ya Taifa. Kila asubuhi saa tatu pikipiki ya Wizara ingeleta bahasha. Ndani ya bahasha mngekuwa na neno moja, Uza au Nunua, na jina la kitu chenyewe. Wafanyabiashara wote wangefikiri hivyo hadi saa kumi. Baada ya saa kumi mtu alikuwa huru kufikiri atakavyo nyumbani kwake, isipokuwa mbele ya watoto.

Jumatatu pikipiki ikaja. Nikaifungua bahasha, nikasoma kwa sauti: "Uza mbaazi."

Watu thelathini na mmoja wakasimama kwa pamoja. "Nauza!" wakasema.

Nilishika chaki nikangoja. Walitazamana. Ngwale alimtazama Bi Zamoyoni, Bi Zamoyoni akamtazama Kachenje, Kachenje akaitazama redio. Kila mmoja alikuwa anauza, na hapakuwa na kiumbe wa kumuuzia. Saa kumi ilipofika wakakaa, wakashukuru, wakaenda nyumbani.

Jumanne bahasha ikasema, "Nunua mbaazi." Wakasimama. "Nananunua!" alisema Kachenje kwa haraka mpaka ulimi ukajikwaa. Wote wananunua. Nani anauza? Hakuna. Nikaiacha bei ya jana, ambayo ilikuwa ya Ijumaa.

Ikawa hivyo siku tisa za kazi. Wizara ilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru bei haikupanda wala kuketi. Wakatundika kitambaa cha rangi mbele ya ukumbi: SIKU TISA BILA BEI KUYUMBA. Waziri akahojiwa redioni, akasema utulivu huu haujapata kuonekana hata katika nchi zilizoendelea, na kwa kweli hapo hakudanganya.

Siku ya kumi Bi Zamoyoni aliingia ghalani kama kawaida yake. Akaingiza mkono kwenye gunia hadi kwenye kiwiko, akautoa umejaa unga. Fukusi walikuwa wameingia. Sio kwenye magunia yote, manne tu, lakini fukusi ni kama wageni wa harusi, ukiona wanne ujue ukoo uko njiani. Alikuja sokoni ameushika ule unga kwenye kiganja, akauweka juu ya meza yangu.

"Mwinchande," alisema, "unauona huu? Hii ni mbegu ya Mama Sikudhani wa Mkolechuo na watoto wake wanne. Mvua imebaki wiki moja na siku moja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili tumbo ni la watu sitini na watatu. Nimuuzie nani, mwanangu? Niambie tu, nimuuzie nani?"

Nilimsaidia kuandika barua kwa Wizara, kwa heshima na taadhima, yenye kumbukumbu namba na nakala kwa watu sita.

*

Barua ilifika, na lazima niisifu Wizara: iliitisha kikao siku ileile. Inasemekana wataalamu walikaa saa saba, na kwenye saa ya sita mmoja wao, mchumi mdogo ambaye baadaye alihamishiwa mbali, aliinua mkono akasema kwamba ili mtu auze lazima awepo mtu mwingine ambaye anadhani kununua ni jambo la busara. Kikao kilishtuka. Walimtaka athibitishe kwa maandishi.

Kesho yake niliitwa ghorofa ya tisa kwa Mkurugenzi wa Mbinu, Bwana Tenende. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukataa.

"Mwinchande," alisema, "una maoni yoyote kuhusu mkuki?"

"Sina, mzee."

"Kuhusu mbaazi?"

"Nazila, mzee. Za nazi."

"Hayo siyo maoni, hicho ni chakula. Vizuri sana. Tumemtafuta mtu kama wewe nchi nzima." Akabadili miwani. "Serikali imeanzisha cheo kipya, Afisa Mpinzani wa Soko. Mbinu ya Taifa ikisema uza, wewe utanunua. Ikisema nunua, wewe utauza. Utakuwa unakosea kwa niaba ya wananchi wote."

"Nashukuru kwa heshima hiyo, mzee."

"Ngoja, sijamaliza. Mbinu ya Taifa haiwezi kukosea. Kwa hiyo wewe unayefanya kinyume chake ni lazima upate hasara. Ukipata faida itakuwa kama umesimama hadharani ukasema Mbinu ni ya uongo. Faida kwako ni nini, Mwinchande?"

"Ni uchochezi, mzee."

"Umeelewa kuliko Tume." Akanisogezea karatasi yenye muhuri. "Bunge limekwisha kupitisha hasara yako. Mikuki milioni arobaini. Wabunge walipiga meza. Ikizidi ni ubadhirifu, ikipungua ni uzembe. Fungu la kuanzia ni milioni sitini. Na ufunge tai."

Nilitoka pale nimeishika karatasi kwa mikono miwili. Katika maisha yangu sikuwahi kumiliki hata hasara ya elfu kumi, na sasa nimekabidhiwa ya milioni arobaini, ya taifa zima.

Asubuhi iliyofuata niliketi nyuma ya meza chini ya ubao, nimefunga tai. Bahasha ikaja: "Uza mbaazi." Wakasimama thelathini na mmoja, na safari hii walikuwa na mtu wa kumtazama. Ikapangwa foleni. Wa kwanza alikuwa Bi Zamoyoni, kwa sababu hakuwa ameketi tangu afike.

"Shikamoo, Bi Zamoyoni."

"Marahaba, mwanangu. Andika. Magunia mia nne, elfu sitini sitini, ndiyo bei ya ubao. Sina la kufanya."

Nilishika kalamu. Kisha likanijia swali ambalo afisa mwenye dhamana hana budi kuuliza. "Samahani, mama. Wewe kwa mbinu yako unaonaje? Zitapanda au zitaketi?"

"Zitapanda. Nakuapia kwa mama yangu. Lakini bahasha inaniambia niuze, na fukusi wananiambia niuze, na mawingu nayo yale pale yanajikusanya."

Ikiwa zitapanda, na mimi nimezinunua kwa elfu sitini, nitapata faida! Nitaitwa mchochezi, na watoto wangu watakuwa watoto wa mchochezi.

"Elfu sitini sichukui," nikasema.

Bi Zamoyoni alishika ukingo wa meza. "Usinionee, Mwinchande. Nimekujua tangu ukiazima chaki. Hizi si mali zangu."

"Laki moja na nusu."

"Umesemaje?"

"Laki moja na nusu kwa gunia, Bi Zamoyoni. Chini ya hapo naogopa."

Kachenje alikuwa anakula kashata, ikamdondoka. Bi Zamoyoni alinitazama usoni muda mrefu, akitafuta kama nina homa, halafu akatia saini haraka. Fungu langu lote likaishia hapo. Wengine kwenye foleni walilalamika, nami nikawasomea kanuni ya kumi na nne: afisa atanunua bidhaa aliyoiona kwa macho. Wao walikuwa na karatasi za ahadi ya mbaazi. Mwenye mbaazi zenyewe alikuwa yeye peke yake.

*

Siku nne baadaye ile nchi ya mbali ilifungua mlango.

Habari zilikuja na madereva. Malori ya wanunuzi wageni yalikuwa yamepanga mstari nje ya mji, na wageni hawakuwa na bahasha wala Mbinu, walikuwa na njaa tu. Gunia moja, mikuki laki mbili. Nilikuwa nimekalia faida ya milioni ishirini, na kila saa ilikuwa inaongezeka bila mimi kuigusa.

Watu walikuja kunipa pole. Ngwale alileta daftari, akanionyesha mstari unavyopaa, akanishika bega. "Jikaze, mwanangu. Huu mstari sijaona utakapoishia." Kachenje aliniambia kwa sauti ya chini kwamba Waziri hajasema neno juu ya mbaazi wiki nzima, kwa hiyo matumaini ya bei kuharibika ni madogo. Mke wangu alipokea majirani kwenye mkeka. Usingizi ulinipaa.

Na Bi Zamoyoni naye alikuwa hana amani. Simu zilikuwa zikitoka Mkolechuo tangu alfajiri: dada, tumesikia ni laki mbili, dada, umetuuzia laki moja na nusu, dada, ile elfu hamsini ya kila gunia ni trekta, hukujua? Mama Sikudhani alisema maneno ambayo Bi Zamoyoni hakunirudia. Aliniambia tu kwamba ameishi miaka sitini na mbili na hajawahi kuitwa hivyo.

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza tena kwenye meza yangu. Alikuja kuniomba nimuuzie japo magunia machache kwa bei ya huruma, akawatulize wenzake. Kabla hajasema, pikipiki ikaingia. Wizara ilikuwa imesoma gazeti. Bahasha ikasema: "Nunua mbaazi."

Thelathini na mmoja wananunua. Muuzaji ni mimi peke yangu katika nchi nzima.

Nikachukua karatasi nikapiga hesabu, nikairudia. Moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu nifunge tai.

"Bi Zamoyoni, nitakuuzia yote mia nne."

"Kwa laki mbili? Sina, baba. Ninazo zile zako milioni sitini, na hizo ni za mbegu."

"Elfu hamsini kwa gunia."

Akaegemea mbele. "Mwinchande, umelala vizuri?"

"Sijalala siku nne, mama. Nisaidie."

Kachenje akaruka. "Na sisi je? Bahasha imesema wote tununue!"

"Foleni ni foleni," nikasema. Tena mitaji yao ilikuwa imelala kwa siku zile za utulivu, hakuna aliyekuwa na fedha taslimu ya maana. Bi Zamoyoni akahesabu milioni ishirini juu ya meza, akachukua hati ya ghala, akatoka mbio kwa namna ambayo mama wa umri wake hashauriwi. Nilisikia sauti yake huko nje ikiita madereva. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kabla ya saa kumi malori yalikuwa yamepakia, laki mbili kwa kila gunia, yakiwemo yale manne yenye unga, ambayo alimwambia mnunuzi kasoro yake wazi na mnunuzi akasema huko kwao hata unga wanaukosa.

Mimi niliandika taarifa yangu: nilinunua kwa milioni sitini, nikauza kwa milioni ishirini, hasara ni milioni arobaini kamili, haikuzidi wala kupungua. Nikalala kuanzia jioni ile mpaka jua la kesho kutwa.

*

Nilipoitwa ghorofa ya tisa nilipiga tai pasi. Nilidhani ni nishani.

Kamati ilikuwa ya watu saba, na mwenyekiti wake, Bwana Tenende, alikuwa amevaa ile miwani ya kukataa. Pembeni, kwenye kiti chenye mto, aliketi Bwana Fungameza, shemeji yake Waziri, mtu wa mwili mzuri na huzuni nyingi.

"Mwinchande," alisema Bwana Tenende, "hasara iko wapi?"

"Nimeipata yote, mzee. Milioni arobaini kamili."

"Sikuulizi ngapi. Nauliza iko wapi."

"Iko Mkolechuo, mzee."

"Nani alikutuma Mkolechuo?"

Nikaeleza juu ya foleni. Wajumbe wakaguna. Bwana Fungameza akatoa leso.

"Mimi nina magunia mia tisa," alisema, akimtazama mwenyekiti na siyo mimi. "Niliyanunua yakiwa tayari na fukusi, kwa sababu niliambiwa hasara inakuja. Nikajiandaa. Nikachinja mbuzi, nikapika pilau, nikawaambia watoto kuna mgeni kutoka Wizarani. Wiki nzima nimekaa barazani naingoja hasara yangu kama mtu anayengoja posa. Leo nasikia imepewa wanawake wa vijijini ambao hata hawakuomba!"

Mjumbe mmoja akampa maji.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Kumbe katika nchi yetu hakuna hasara isiyo na mwenyewe. Barua ya kunielekeza pa kuipotezea ilikuwa imeandikwa mapema kabisa, lakini ilikwama masjala, maana mwenye muhuri alikuwa kwenye semina ya kuharakisha barua. Na mimi kwa kiherehere changu sikungoja. Niliwaomba radhi wote, na Bwana Fungameza nikamwomba kipekee, kwa ajili ya mbuzi.

Niliachishwa kazi kwa kosa la kukosea bila maelekezo. Halafu wakatumwa wakaguzi wawili kwenda Mkolechuo kuirudisha hasara. Walifika mvua ikiwa imenyesha siku ya tatu. Waliwakuta wanawake sitini na watatu shambani, suruali walizovaa chini ya kanga zimejaa tope, trekta limeegeshwa kando, na Bi Zamoyoni katikati yao ameinama. Wakamsomea barua kuanzia kumbukumbu namba hadi nakala. Alisikiliza mpaka mwisho, akajinyoosha mgongo.

"Yaliyomwagika hayazoleki, wanangu," aliwaambia. "Hasara yenu ndiyo hii, imo ardhini, kuanzia hapo mliposimama mpaka kule kwenye mchongoma. Aliyetumwa aichukue aseme, Mama Sikudhani atampa jembe."

Wakaguzi walikuwa na viatu vya mjini. Wakaandika kwamba hasara imeonekana, ina ukubwa wa ekari tisini, na imeanza kuota.

Mwezi uliopita Bunge lilisoma bajeti mpya. Kwa kuwa sasa nina muda, nilikwenda nikakaa juu kwenye viti vya wananchi. Nafurahi kuwaarifu kwamba kosa langu halikupotea bure, limeleta uwazi serikalini. Hasara ya mwaka huu ni mikuki milioni themanini, na safari hii pembeni ya tarakimu wameandika kabisa jina la Bwana Fungameza, mtaa wake na namba ya nyumba, ili afisa atakayeteuliwa asipate tabu ya kuuliza njia. Wabunge wakapiga meza. Nilitaka kuipiga nami, lakini huko juu tunakokaa sisi hakuna meza, basi nikapiga magoti yangu.